Dungu la Ukutani

Habari ya ukuta Mwatumu aliipata kisimani, kwa Mwanamina, mwanamke ambaye kusema taratibu hakukujua.

"Mwenzangu, wewe bado hujaenda? Tamimu kaichora Kipungule yote kwenye ghala la Abdulkarimu! Mlango wangu nimeuona. Mlango wangu mimi, na ule upande ulioliwa na mchwa. Nimesimama pale nikalia mpaka pua ikaziba."

"Nitakwenda," Mwatumu akasema, akainama kuchota.

"Na kwenu kapachora. Na lile dungu la mama mkwe wako, Mungu amrehemu."

Kata ikamponyoka Mwatumu ikaangukia kisimani. Wakahangaika nayo kwa kijiti mpaka wakaiopoa, Mwanamina akicheka na kusema mikono ya mwenzake leo ina usingizi. Mwatumu hakucheka. Alijitwisha mtungi ukiwa nusu, akashika njia ya nyumbani.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wa juu ya mto walipokimbia. Wanaume wa Kipungule walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa viboko, wakaenda kunywa ile dawa ya maji iliyosemwa kwamba itageuza risasi za Mdachi ziwe matone. Risasi hazikugeuka. Baada ya risasi ulikuja moto, askari wakachoma nyumba, wakachoma maghala, mpunga wa mwaka mzima ukaungua siku tatu na harufu yake ikafika ng'ambo ya mto. Baada ya moto ikaja njaa, na njaa ile iliua wengi kuliko bunduki. Waliobaki na miguu waliteremka na mto, kijiji baada ya kijiji, mpaka wakafika Salale, kwenye delta, ambako mto unachanika vipande vipande kabla ya kuingia baharini. Kule kulikuwa na kazi ya boriti za mikoko. Wanaume walikata, wanawake walibandua magome, na jioni watu wakala.

Mwatumu binti Khamisi alifika Salale na mtoto mmoja mgongoni, Mwanabaraka, wa miaka minne, tumbo limevimba na nywele zimegeuka rangi ya majani makavu. Mtoto akapona. Mama naye akapona, kwa yale yanayoonekana. Mume wake, Zaidi, alikuwa amekamatwa milimani Umatumbi, akafungwa mnyororo wa shingo, akatengeneza barabara mwaka mzima na miezi. Alipofunguliwa aliulizia njiani kila alikopita, akafika Salale akiwa na kovu kama ushanga shingoni, na sauti imepungua.

Siku aliyofika, kabla hajaketi, aliuliza jambo moja.

"Mama yuko wapi?"

Mwatumu alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tayari tangu zamani, alikwisha kulitoa kwa majirani mara nyingi hata maneno yakawa laini mdomoni kama kokoto la mtoni.

"Mama homa ilimshika njiani, karibu na Mahege. Hakuteseka. Tulimzika chini ya mkwaju, pembeni mwa njia. Kuna mzee mmoja alimsalia."

Zaidi akakaa chini, akalia kwa kifua, bila sauti. Alipomaliza akamshika mkewe mkono. "Umenizikia mama yangu, Mwatumu. Wenzangu kule mnyororoni mama zao wameliwa na fisi. Sitakusahau kwa hili."

Tangu siku hiyo Mwatumu alikuwa akilala karibu na mume wake kama mtu anayelala karibu na shimo.

Tamimu, aliyechora ule ukuta, alikuwa mtu wa karibu miaka thelathini, mtoto wa Kipungule pia, mrefu, mwenye mabega yaliyochunwa na mizigo. Kabla ya vita alichukuliwa mpagazi na Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka mtoni akichora ramani na picha. Kazi ya Tamimu ilikuwa kubeba sanduku la rangi na kuosha vijiti vya manyoya vya kuchorea. Mzungu akalala mchana, Tamimu akajaribu. Mzungu akacheka, kisha akaacha kucheka, akampa makaratasi yaliyoharibika. Vita vilipoanza yule bwana alirudi kwao, na Tamimu akakamatwa tena, safari hii akabebeshwa mizigo ya askari.

Sasa alikuwa Salale akibeba boriti kama wengine. Ghala la Abdulkarimu, mfanyabiashara wa pale, lilikuwa na ukuta mrefu uliopakwa chokaa, unaotazama uwanja wa kupangia boriti. Adhuhuri moja, wenzake wakiwa wamejilaza kivulini, Tamimu aliokota kipande cha mkaa akachora mlango. Kesho yake akachora kinu na michi yake miwili. Kesho yake tena, njia iendayo mtoni. Akatafuta udongo mwekundu, akachemsha magome ya mikoko yakatoa rangi ya kahawia, akaomba nili, rangi ya buluu, kwa mwanamke aliyekuwa akitia kaniki rangi, akaponda manjano. Watu wakadhani Abdulkarimu atamfukuza. Abdulkarimu alikuja na fimbo yake, akasimama, akatazama kwa muda.

"Endelea," akasema. "Lakini usinichoree watu. Sitaki malaika wakimbie ghala langu."

"Watu siwachori, bwana," Tamimu akajibu. "Siku ya kiyama nikiambiwa niwape roho, nitaitoa wapi?"

Basi ikawa Kipungule isiyo na mtu. Hilo ndilo lililowamaliza watu. Kama angechora watu, wangetazama watu aliowachora. Ukuta ule ulikuwa na mlango uliofunguliwa, na kila mmoja akaona nani alikuwa akitokea mlangoni pale. Ulikuwa na mkeka uliotandikwa barazani, na mzee mmoja akaketi chini mbele yake, akausalimu mkeka. Mwanamke mmoja aliyepoteza watoto watatu alifika akagusa ile michi miwili kwa kidole, mmoja kisha wa pili, akaenda zake. Hakuna aliyefundishwa kulia mbele ya ukuta, lakini kila adhuhuri palikuwa na watu wakilia, na wengine wakicheka, wakikumbushana nani alianguka kwenye kichuguu kile akiwa amelewa tembo, na nani aliibiwa jogoo nyuma ya nyumba ile.

Mwatumu hakwenda. Siku ya kwanza alisema mtoto anaumwa. Siku ya pili magome mengi. Siku ya tano Zaidi alirudi kutoka kazini uso umefunguka, jambo ambalo Mwatumu hakuliona tangu mumewe arudi.

"Dungu la mama lipo," akasema. "Twende ukalione, mama Mwanabaraka. Usiogope kulia. Mimi nimelia na sasa nimekuwa mwepesi."

"Kesho."

"Jua bado lipo juu. Twende." Akamchukua mtoto mkono mmoja, na mkewe mkono wa pili.

Dungu ni kibanda cha juu ya nguzo ndefu, watu wa mtoni wanakokaa msimu wa kilimo wakilinda mpunga usiliwe na nguruwe na viboko, na mto ukifurika maji hupita chini yao. Dungu la Mwanamkuu, mama yake Zaidi, lilikuwa mwisho wa mashamba, karibu na mkuyu. Bibi yule alilipenda kuliko nyumba ya kijijini. Alikuwa akisema juu kule upepo haumuulizi mtu umri wake.

Tamimu alikuwa amelichora kwa mkaa na kahawia, na nyuma yake uwanda wa mpunga uliokwisha vunwa, wa manjano hafifu. Paa lilikuwa limelegea upande mmoja, kama lilivyokuwa. Nguzo ya tatu ilikuwa imepinda, kama ilivyokuwa. Hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwepo, tupu. Mwatumu alitazama vyote hivyo kwa haraka, kama mtu apitaye kwenye nyumba ya mtu, kisha jicho likateremka lenyewe.

Ngazi ilikuwa chini. Ililala kwenye majani, mbali kidogo na nguzo, kichwa chake kimeelekea mkuyu.

Ngazi ile hakuna mtu aliyeiona ikiwa pale. Siku zote ilisimama mahali pake, imefungwa kwa kamba za ukindu. Ilikuwa chini siku moja tu, na aliyeiweka pale ni yeye.

"Umeona?" Zaidi akasema. Alikuwa akitabasamu. "Kila kitu kakipata, ila ngazi kaikosea. Dungu gani ngazi iko chini? Mama angeshukaje?" Akamgeukia binti yake. "Bibi yako alikuwa akishuka ngazi ile kwa mgongo, kama kaa. Nitamwambia Tamimu airudishe mahali pake."

"Mwache," Mwatumu akasema. "Picha ya mtu mwache nayo."

"Ni ngazi tu. Mistari miwili ya mkaa."

Mtoto akauliza kama bibi yumo ndani ya dungu. Zaidi akamwambia hapana, bibi yuko Mahege, chini ya mkwaju, na wakishamaliza kazi ya msimu huu watakwenda wote watatu wakamsomee Yasini. "Mama yako atatuonyesha mahali," akasema.

Kesho yake, watu walipokuwa wakila, Mwatumu alimkuta Tamimu peke yake penye mrundo wa boriti, akinoa shoka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hakuketi. "Ngazi umeiona wapi ikiwa chini?"

Tamimu aliendelea kunoa, mara mbili, tatu. Kisha akaweka shoka.

"Bwana Zaidi alinijia asubuhi," akasema. "Ananiomba niisimamishe. Nimemwambia nitaisimamisha. Nimekwenda na mkaa wangu, dada, mkono umekataa."

"Nimekuuliza umeiona wapi."

"Nimeiona pale ilipo. Nilipita."

Mwatumu akaketi juu ya boriti. Akaona ni heri aseme yeye kwanza, maana asiposema sasa hatasema tena. Na akasema, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Moshi wa Ngorongo, kijiji cha jirani kilichochomwa, ulikuwa umeonekana asubuhi. Watu wa Kipungule walikuwa wamekwisha ondoka. Mwanamkuu miguu ilikuwa imevimba, hata kusimama hawezi. Mwatumu alijaribu kumbeba. Alimbeba mpaka kwenye mkuyu na mtoto akimfuata nyuma akilia, na pale wakaanguka wote wawili. Bibi akasema, nirudishe dunguni. Niwekee maji, niwekee ule mchele, nenda na mtoto, utanirudia mambo yakitulia. Akampandisha hajui kwa nguvu gani. Na alipokwisha shuka, bibi akasema kutoka juu, ngazi iondoe, mwanangu, simba wa mwaka huu wamezoea kula watu. Akaiondoa. Akamwambia siku mbili, mama. Bibi akasema, hata tatu.

"Siku ya pili nilirudi," Mwatumu akasema. "Nilimwacha mtoto kwa Mwanaharusi wa Mtoro, kichakani, nikarudi. Nikafika kivukoni nikakuta askari wamepiga kambi. Nikalala kwenye matete mpaka jua likapinda. Wakawa wanachinja mbuzi, hawana haraka. Nikageuka. Nikajiambia nimegeuka kwa sababu ya mtoto. Ni kweli ilikuwa kwa sababu ya mtoto. Lakini nilipogeuka miguu ilikuwa myepesi, Tamimu. Miguu yangu ilifurahi. Hilo ndilo ninalolijua mimi na Mungu."

Tamimu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi nilikuwa na askari hao," akasema. "Nilibeba sanduku la risasi. Tulivuka kesho yake asubuhi, tukapita pembeni mwa mashamba. Nikaliona dungu. Nikaona ngazi chini, nikajua kuna mtu juu, maana dungu tupu nani ataliondolea ngazi? Tulipokaribia, mtu akasema kutoka ndani. Sauti ndogo."

"Akasema nini?"

"Dada, usiniulize."

"Akasema nini, Tamimu?"

"Akasema, 'Mwatumu, umerudi?'"

Upande wa pili wa uwanja watu walikuwa wakicheka kwa jambo fulani. Mwatumu alisikia kicheko kile kama kinatoka chini ya maji.

"Askari aliyekuwa mbele yangu akageuza kichwa," Tamimu akaendelea. "Siku ile walikuwa wamekwisha choma madungu mawili, moja na mtu ndani. Nikaanza kuimba. Ule wimbo wa wapagazi, niliupandisha kwa nguvu zangu zote, na wenzangu wakadakia, tukapita tukiimba. Nilimfunika kwa wimbo. Nikasema nitatoroka nimrudie. Kila siku nikasema kesho. Tulikwenda Liwale, tukaenda mbele ya Liwale. Niliachwa baada ya miezi mitano." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Sijui kama nilimwokoa au nilimuua. Alisikia watu wanapita wakiimba, dada. Alijuaje kwamba si harusi?"

Hapo Mwatumu alilia. Hakulia kwa kelele. Alilia akiwa ameshika magoti, na Tamimu aliketi karibu naye asimguse, wala asimwambie nyamaza. Wakakaa hivyo mpaka msimamizi akapiga debe la kurudi kazini.

Alimwambia mumewe siku hiyo hiyo, baada ya alasiri. Zaidi alikuwa nyuma ya nyumba akishona wavu. Mwatumu alimtuma mtoto kwa Mwanamina, akasimama mbele ya mumewe, akasema maneno yote kuanzia mkuyu mpaka kivukoni, na yale ya Tamimu pia, asiruke kitu. Ila habari ya miguu yake kufurahi aliisema mwisho, na aliisema kwa shida.

Zaidi hakuinua macho. Sindano ya wavu ilikuwa imesimama.

"Mahege hapana kaburi," akasema.

"Hapana."

"Wala mzee aliyemsalia."

"Hapana, baba Mwanabaraka."

"Maji ulimwachia kiasi gani?"

"Mtungi mmoja. Ule mdogo."

"Mtungi mmoja mdogo." Alikuwa kama mtu anayepima. "Siku ya tatu alikuwa hai. Akinywa kidogo kidogo, na alikuwa akinywa kidogo mama, hakuwa mtu wa maji mengi…" Akavuta uzi wa wavu, akasema, "Ungeniambia siku niliyofika."

"Ulikuja na lile kovu. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kwamba nitakupiga?"

"Kwamba usingekuwa na la kunishukuru."

Zaidi akacheka kicheko kifupi, kibaya, akainuka. Alikwenda akatawadha, akakaa msikitini mpaka isha. Asubuhi yake aliomba mtumbwi kwa jamaa mmoja, akatia kasia na panga na mfuko wa mchele. Mwatumu alisimama ukingoni na furushi lake.

"Sijakwambia twende," Zaidi akasema, si kwa ukali. Akaondoka akipiga kasia.

Alikaa huko siku ishirini na sita. Siku hizo watu waliendelea kwenda ukutani, na Mwatumu sasa naye alikwenda, kila adhuhuri. Hakuangalia ngazi. Alitazama mlango mdogo wa dungu, doa jeusi la mkaa lenye ukubwa wa kiganja. Mbele ya doa lile ilimrudia Kipungule ambayo alikuwa ameizika pamoja na uongo wake. Mwanamkuu akimfundisha kupepeta, akimpiga kwenye kiwiko kila chuya zikirudi ungoni. Mwanamkuu akikataa kumwita mkwe, akimwita mwanangu tangu wiki ya kwanza, mpaka mama yake Mwatumu akaona wivu. Mwanamkuu siku ya kuzaliwa Mwanabaraka, kiza cha mvua mchana kweupe, akimkandamiza mabega na kumwambia tukana, mwanangu, tukana unavyotaka, leo dhambi haziandikwi. Kwa miaka miwili Mwatumu hakuweza kumkumbuka bibi yule isipokuwa juu ya dungu, akiwa sauti tu. Sasa alirudi mzima, na maungo yake na matusi yake, na kumbe ilikuwa mbaya zaidi. Aliyempoteza kwenye dungu alikuwa mzigo uliomshinda kuubeba. Aliyempoteza mbele ya ukuta alikuwa mama.

Zaidi aliporudi alikuwa amekonda. Alimkuta mkewe mlangoni, akajibu salamu, akapokea maji, akanywa. Kisha akasema yale aliyoyaona, kwa sauti ya mtu anayetoa habari barazani.

Dungu halipo. Masika mawili yamepita na mto ulijaa yote mawili. Nguzo moja imebaki, ile ya tatu, iliyopinda. Alichimba kuizunguka siku nne, akafuata mkondo wa maji ya mafuriko mpaka kwenye bwawa, akapekua matete. Alipata kipande cha chungu, na hakujua kama ni chao. Alimtafuta yeyote aliyekuwepo siku zile, akampata mzee mmoja aliyejificha msituni wakati wa vita. Mzee akasema aliona tai wakizunguka upande ule, lakini mwaka ule tai walizunguka kila upande.

"Nimemsalia sala ya ghaibu," Zaidi akasema. "Basi."

"Nisamehe," Mwatumu akasema.

Zaidi alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema jambo kwa sababu tu limengojwa. "Kumwacha nimekusamehe," akasema. "Ungebaki ningepoteza watatu. Ngazi alikuagiza mwenyewe, namjua mama. Kivukoni hata mimi nisingepita. Lakini ule mkwaju, Mwatumu. Nimekaa na ule mkwaju miezi miwili. Nimeuota. Niliuona na kivuli chake. Huo sijui nitaufanyaje."

Akachukua mkeka wake akahamia kwa wenzake wakata boriti. Hakumwacha kwa talaka. Kila siku ya tatu alileta samaki, akampa mtoto mkononi, akamuuliza habari za chuo cha Kurani, akaondoka. Majirani walisema wanayotaka kusema. Mwanamina peke yake hakusema kitu, na kwa Mwanamina huo ulikuwa msiba.

Mwezi mmoja kabla ya mvua Abdulkarimu alipata mteja mkubwa, akaongeza ghala, na ule ukuta ukavunjwa kupisha mlango mpana. Aliwatangulizia watu habari siku tatu kabla, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Watu wakaja kuaga. Wengine waliparuza vumbi la rangi mahali pao wakalifunga kwenye pindo la nguo. Tamimu hakuja. Alikuwa amekwisha jiandikisha kwenye jahazi la boriti liendalo Unguja, na kama alichora kuta nyingine huko, habari zake hazikufika mtoni.

Masika yakaja, mto ukajaa, ukapungua. Maji yalipoacha matope mashambani, msimu wa mlau ukafika, ambapo watu wa Rufiji hupanda mahindi kwenye udongo bado una unyevu wa mto. Asubuhi moja Zaidi alikuja na jembe begani. Hakuingia ndani.

"Mimi narudi Kipungule," akasema. "Jamaa walionitangulia wamekwisha fyeka. Kuna nyumba sita zimesimama. Mtoto ni wangu na wako. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kubaki, sitakulaumu."

"Nitakuja."

"Sikuahidi kitu."

"Sijaomba."

Walipanda mto siku saba. Zaidi alisukuma mtumbwi kwa upondo mbele, Mwatumu alipiga kasia nyuma, na mtoto katikati akiuliza majina ya kila kijiji kilichokuwa majivu. Siku ya tano Mwanabaraka aliuliza mbona hawakushuka kwenda Mahege kwa bibi. Zaidi hakugeuka. Mwatumu akaacha kupiga kasia, akamweleza binti yake, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kuyabeba, kwamba bibi hayuko Mahege, kwamba mama alisema uongo, na bibi alibaki dunguni. Mtoto akafikiri, akauliza, "Peke yake?" Mwatumu akasema, "Peke yake." Zaidi alikuwa amesimamisha upondo majini, mtumbwi ukaanza kurudi nyuma na mkondo, na muda ukapita kabla hajausukuma tena.

Kipungule walilima. Zaidi alijenga nyumba ya vyumba viwili, akalala chumba kimoja, Mwatumu na mtoto wakalala cha pili. Walikula pamoja. Waliongea habari za mbegu, za kuni, za mtoto. Kuna siku Zaidi alisahau akamchekea, kisha akakumbuka, na Mwatumu aliona pale alipokumbuka.

Mahindi yalipoanza kubeba, alikwenda peke yake mpaka mwisho wa mashamba. Ile nguzo ilikuwepo kweli, imepinda, na mchwa wamekwisha ianza. Alichuchumaa karibu nayo, akakaa muda mrefu bila kujua aseme nini, kwa sababu maneno yote aliyoyaandaa yalikuwa ya kujitetea.

"Nimerudi, mama," akasema mwisho. "Nimechelewa."

Upepo ulikuwa ukivuma kwenye majani ya mahindi. Alitaka kusema zaidi, alikuwa amekwisha fungua mdomo, na Zaidi akapiga kelele kutoka shambani kwamba ngedere wameingia upande wa mtoni, kundi zima, na mtoto yuko peke yake na kombeo. Mwatumu akainuka, akafunga kaniki yake kiunoni, akakimbia.